Injini ya gari la kale ikitikisika kwenye sailensi: pa kuanzia na pa kumalizia

Gari linakwenda vizuri barabara ya Mambrui, nje ya Malindi, kwenye sitini wala themanini halina neno. Ukifika mjini na kuondoa mguu kwenye mafuta, injini ikabaki kwenye sailensi, yaani ikizunguka yenyewe bila kukanyagiwa mafuta, inatikisika, gia inacheza mkononi, taa ya chaji inamulika, na mara nyingine injini inazima kabisa. Yeyote atakayefungua boneti hapo atatoa bisibisi na kuanza kuzungusha skrubu za kabureta. Mzuie. Skrubu hizo zinaweza kuficha kasoro ya cheche au ya hewa kwa siku chache, kisha unabaki na kasoro mbili mahali pa moja. Sikiliza kwanza, kagua cheche, tafuta hewa inayoingia kwa wizi, angalia petroli, pima tapeti, yaani nafasi za valvu. Kabureta hurekebishwa mwisho.

Vipimo vilivyo hapa ni vya magari matatu ya zamani: Peugeot 504 ya kabureta, Land Rover Series III ya petroli ya lita 2.25, na VW Beetle 1600. Ukiwa na Datsun au Corolla ya pointi (vibao vidogo vinavyofungua na kufunga umeme wa cheche), hatua ni zilezile. Vipimo vitafute kwenye kitabu cha gari lako.

Kabla ya kushika spana

Usipime injini baridi. Endesha kilomita kumi au zaidi, kisha simamisha gari mahali pa wazi, si ndani ya gereji iliyofungwa, kwa sababu moshi wa petroli unaua bila kunuka sana. Ondoa kifuniko cha filta ya hewa na utazame kipepeo cha choki: injini ikiwa moto kinapaswa kusimama wima. Waya wa choki ulioshika kutu hukiacha nusu kimefungwa, na hiyo peke yake inatosha kuleta moshi mweusi na mtikisiko.

Halafu nenda nyuma ya gari. Shika kipande cha karatasi sentimita chache kutoka mdomo wa eksozi. Mpigo mmoja ukikosekana kwa mpangilio, kila baada ya mitatu, silinda moja imelala. Ukikosekana ovyo, sasa hivi na tena baada ya muda, fikiria pointi, kondensa (kikopo kidogo kinachozuia pointi zisiungue) au distribyuta (kifaa kinachogawa cheche kwa kila plagi) iliyolegea. Raundi zikipanda na kushuka polepole zenyewe, hewa inaibwa mahali au mchanganyiko umezidi petroli. Karatasi ikivutwa kurudi kwenye bomba mara kwa mara, valvu ya eksozi haifungi sawasawa.

Tazama pia mipira inayobeba injini. Mafuta ya injini yakiidondokea kwa miaka, mipira hiyo hulainika na kukatika, na injini isiyo na kasoro yoyote huonekana kama inataka kuruka nje. Land Rover kwa asili yake huzunguka taratibu sana kwenye sailensi, karibu raundi 500 kwa dakika, na mtikisiko kidogo si ugonjwa. Beetle inatakiwa iwe kwenye 850 hivi.

Silinda moja imelala

Zima injini. Chomoa waya wa plagi ya silinda ya kwanza, weka plagi ya zamani kwenye ncha yake na uifunge kwenye chuma cha injini ili cheche ipate njia. Ukiuacha waya ukining'inia, umeme utatafuta njia ndani ya koili na kuiharibu. Washa, sikiliza. Injini ikizidi kutikisika, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Rudisha, nenda kwenye ya pili. Ile ambayo kuichomoa hakubadilishi kitu ndiyo iliyolala.

Badilishana plagi ya silinda hiyo na ya jirani yake. Kasoro ikihama na plagi, tupa plagi. Isipohama, badilishana nyaya. Ikibaki palepale baada ya plagi na waya kubadilishwa, kasoro iko kwenye kepu ya distribyuta au ndani ya silinda yenyewe.

Rangi ya plagi inasaidia. Kahawia ya kufifia ni afya. Nyeusi kavu kama masizi ni petroli nyingi, nyeupe ni petroli chache au hewa ya wizi. Nyeusi yenye utelezi ni mafuta ya injini yanayopita kwenye ringi au kwenye miongozo ya valvu. Ikitoka imelowa petroli mbichi, cheche haikufika.

Kwenye 504 plagi zimezama ndani ya mirija mirefu. Mipira ya kuziba mirija hiyo ikikauka, mafuta au maji ya kuoshea injini hujaa mle, na cheche hupita pembeni badala ya kushuka kwenye plagi. Chovya kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti uone kinatoka na nini. Ni jambo la dakika mbili na linasahauliwa mno.

Kama cheche ipo na silinda bado imelala, pima kompresheni. Injini iwe moto, plagi zote nje, waya wa koili umetolewa, na mtu akanyage mafuta hadi mwisho wakati wa kupiga stata. Tarakimu yenyewe si kitu kama tofauti kati ya silinda: zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 15, una kazi. Mimina kijiko kimoja cha mafuta ya injini kwenye silinda dhaifu upime tena. Ikipanda sana, ringi zimechoka. Isipopanda, ni valvu. Silinda mbili zinazopakana zikiwa dhaifu pamoja, gasketi ya hedi imekatika kati yake.

Cheche, na chumvi ya bahari

Hapa ndipo kasoro nyingi za pwani zilipo. Upepo wa kusi huleta unyevu wa chumvi hadi ndani ya boneti, na chumvi ikikutana na vumbi hutengeneza utando unaopitisha umeme. Ushahidi wake ni rahisi kuuona: ngoja usiku, fungua boneti mahali pasipo na taa, washa injini, na upulizie maji baridi kidogo kwa chupa ya dawa ya kunyunyizia juu ya nyaya na kepu. Usiguse kitu. Ukiona vimeta vya buluu vikitembea juu ya nyaya au vikiruka kwenda kwenye chuma, umempata mwizi.

Kepu itoe, ifute ndani na nje kwa kitambaa kikavu, uitazame kwenye mwanga. Mstari mwembamba mweusi kati ya vituo viwili, kama ufa wa unywele, ni njia ya umeme iliyoungua. Kepu hiyo haitengenezeki. Kijiti cha kaboni katikati kinapaswa kuruka chenyewe kwa springi kikibonyezwa. Unga wa kijani au mweupe kwenye matundu ya nyaya ukwangue, na ukiona umeshakula shaba, badilisha.

Pointi sasa. Nafasi ya milimita 0.40 inafaa magari yote matatu, na ipimwe kwa fila (bamba jembamba la kupimia nafasi) wakati kisigino cha pointi kiko juu kabisa ya pembe ya kamu. Kisigino kikilika, nafasi hupungua na taimingi, yaani wakati wa cheche, huchelewa. Ndiyo maana gari lililokuwa zima miezi sita iliyopita linaanza kutikisika bila mtu kuligusa. Paka grisi ya distribyuta kwenye kamu, kiasi cha punje ya kiberiti. Ukizidisha, itarukia pointi.

Pointi zilizoungua haraka na kuwa na rangi ya buluu, au zenye kichuguu upande mmoja na shimo upande wa pili, zinalaumu kondensa. Multimita yenye kipimo cha uwezo wa kondensa inapaswa kuonyesha karibu mikrofaradi 0.2 hadi 0.25. Usiamini kondensa mpya kwa sababu tu ni mpya: nyingi za bei rahisi hufa zikipata joto. Kondensa ya zamani inayofanya kazi ihifadhi kwenye droo ya gari, usiitupe.

Kisha shika shafti ya distribyuta na uisukume pembeni kwa kidole. Pointi zikifunguka na kufunga kwa huko kusukuma, bushi zimekwisha. Hakuna nafasi utakayoiweka ikadumu, kwa kuwa kila silinda inapata taimingi yake tofauti. Wengi hununua kabureta nzima wakati kinachohitajika ni bushi mbili na mashine ya kukereza.

Ndani ya distribyuta kuna waya mdogo laini unaounganisha sahani ya pointi na mwili wa distribyuta, au unaoleta umeme kwenye pointi. Sahani ikisogea, waya hupinda. Baada ya miaka nyuzi hukatika ndani ya ganda na nje waya unaonekana mzima. Uvute kidogo. Ukinyooka kama mpira, ndani umekatika.

Waya wa ethi kati ya injini na bodi nao huliwa na chumvi. Weka multimita kwenye volti, ncha moja kwenye chuma cha injini na nyingine kwenye ncha hasi ya betri, mtu apige stata. Ikizidi nusu volti, fungua viungo, kwangua hadi chuma king'ae, funga, na upake vaselini juu.

Mpangilio wa nyaya ukague tu kama kuna mtu alizichomoa. 504 na Land Rover huwasha 1-3-4-2; Beetle ni 1-4-3-2.

Hewa ya wizi

Injini ikiwa sailensi hupitisha hewa kidogo sana, hivyo tundu dogo linalovuta hewa bila kupitia kabureta huharibu mchanganyiko wote. Ukikanyaga mafuta hewa inayopita inakuwa nyingi, lile tundu halina athari tena, na gari linakwenda vizuri. Dalili hiyo, mbovu ikisimama na nzima ikienda, inawafanya watu wengi waamini kuwa injini haina kasoro.

Pulizia maji kwa chupa kidogo kidogo: chini ya kabureta, kwenye gasketi za manifoldi, kwenye kila bomba la mpira. Kaa mbali na distribyuta. Mahali ambapo injini inababaika ghafla au raundi zinabadilika ndipo. Mafundi wengi hutumia dawa ya kusafishia kabureta badala ya maji, na inajibu upesi zaidi, ila inawaka. Mbele ya eksozi ya moto na nyaya zenye vimeta ni hatari isiyo na ulazima.

Bomba la servo ya breki, kifaa kinachosaidia mguu kukanyaga breki, libane kwa koleo lililofungwa kitambaa. Sailensi ikitulia papo hapo, kiwambo ndani ya servo kimepasuka. Hiyo si kasoro ya injini tena bali ya breki, na gari lisitoke hadi itengenezwe. Kiwambo kingine kiko kwenye distribyuta: chomoa bomba lake kwenye kabureta, fyonza kwa mdomo, na uzibe kwa ulimi. Sahani ya pointi inapaswa kusogea na kukaa pale. Ikirudi yenyewe, kiwambo kinavuja.

Shafti ya kipepeo cha chini cha kabureta hulika pale inapoingia kwenye mwili. Itikise: ikicheza juu na chini, hewa inapita pembeni yake. Paka tone la mafuta mazito kwenye ncha zote mbili. Sailensi ikitulia kwa dakika moja kisha ikaharibika tena, umepata jibu.

Land Rover yenye kabureta ya Zenith 36IV ina ugonjwa wake. Kifuniko cha juu hupinda kwa kukazwa kupita kiasi, na oringi ndogo iliyo kati ya kifuniko na mwili hubonyea. Petroli na hewa hupita mahali pasipotakiwa, na hakuna skrubu inayosikika. Fungua, weka msasa laini juu ya kioo cha dirisha, sugua uso wa kifuniko kwa mzunguko hadi wote ung'ae sawasawa, weka oringi na gasketi mpya. Kaza skrubu kwa zamu, moja huku na nyingine upande wa pili, bila kutumia nguvu za kufungia tairi. Kwenye Beetle yenye matundu mawili ya hewa kila upande, kagua mipira inayounganisha bomba la katikati na ya pembeni. Jua na joto huipasua kwa chini, mahali jicho halifiki, kwa hiyo ipapase kwa vidole.

Mwenye geji ya vakyumu ana faida Malindi: vitabu vimeandikwa kwa usawa wa bahari na sisi tupo hapo hapo. Injini nzima husoma inchi 17 hadi 21 za zebaki na sindano haitikisiki. Sindano iliyotulia lakini chini ni hewa ya wizi au taimingi iliyochelewa. Ikidunda kwa mpangilio, valvu moja. Ikielea polepole kwenda na kurudi, mchanganyiko.

Petroli iliyolala

Gari lililofungiwa nyumbani Casuarina tangu masika ya Aprili, tangi likiwa nusu, litakuwa na maji ndani. Unyevu wa hewa hugandamana kwenye kuta za tangi usiku na kushuka chini. Fungua bakuli la kabureta, mimina kilichomo kwenye chupa ya kioo safi, subiri. Maji hukaa chini kama ushanga, petroli juu. Ukiona unga mweupe chini ya bakuli, maji yamekaa muda mrefu na yanakula aluminiamu. Petroli iliyolala miezi hunuka kama vanishi. Usiichanganye na mpya, itoe yote.

Jeti ya sailensi ni tundu dogo kuliko yote kwenye kabureta, kwa kawaida karibu nusu milimita, kwa hiyo uchafu huanzia hapo. Itoe, itazame kwenye mwanga, ipulize kwa pampu ya baiskeli kutoka upande wa pili wa mtiririko. Usiingize waya wala sindano: shaba ni laini na tundu likipanuka kidogo tu hutapata mchanganyiko tena. Mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki, ule mwembamba, unapita bila kukwaruza.

Kabureta nyingi za Beetle zina valvu ya umeme inayofunga jeti hii ukizima gari. Geuza ufunguo bila kuwasha: unapaswa kusikia mlio mfupi mkavu. Usiposikika, waya umetoka au valvu imekufa, na injini haitakaa sailensi hata ufanye nini.

Boya linaloelea ndani ya bakuli la kabureta nalo litoe, ulitikise karibu na sikio. Likiwa na petroli ndani, linazama, bakuli linafurika, na moshi unakuwa mweusi.

Gari lililoteremka kutoka Nairobi

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na shinikizo la hewa huko ni pungufu kwa karibu asilimia 20. Kabureta iliyopunguziwa petroli ili iende vizuri kule, ikifika Malindi hukuta hewa nzito na petroli haitoshi. Plagi zinakuwa nyeupe, injini inapiga chafya kwenye kabureta, sailensi inakuwa ya kubahatisha. Ukifika zamu ya kabureta, zungusha kwanza skrubu ya mchanganyiko. Isipotosha, tazama namba iliyogongwa kwenye jeti na uilinganishe na ya kitabu. Huenda mtu aliweka ndogo.

Tapeti

Valvu inayobanwa haifungi vizuri, na kwenye raundi za chini msukumo unavuja. Kwa kazi hii peke yake injini iwe baridi. 504: milimita 0.10 za kuingiza, 0.25 za eksozi. Beetle: 0.15 zote, na injini iwe imelala usiku mzima. Land Rover: 0.25 zote. Kwenye Land Rover hesabu kwa tisa: valvu namba 8 ikiwa imefunguka kabisa, rekebisha namba 1, ya 6 ikifunguka, rekebisha ya 3, na kuendelea.

Kama nafasi za eksozi hubana tena na tena baada ya kilomita elfu chache, vikalio vya valvu vinazama kwenye hedi. Petroli yenye risasi iliyovilinda iliondoka Kenya mwanzoni mwa 2006, na hedi za chuma za zamani hazikuandaliwa kwa hilo. Dawa ni kuweka vikalio vigumu kwenye karakana ya hedi. Kurekebisha tapeti kila mwezi kunasogeza tu siku ya kulipa.

Nzima asubuhi, mbovu saa saba mchana

Februari na Machi, joto likishika, petroli huchemka ndani ya bakuli ukizima kwa dakika kumi sokoni kisha ukawasha. Kagua kipande kinene cha kuzuia joto kilicho kati ya kabureta na manifoldi, wengi hukitupa gasketi inapobadilishwa. Bomba la petroli lisipite karibu na eksozi.

Mwishowe, kabureta

Haya yote yakiwa sawa, injini moto, filta ya hewa mahali pake, funga skrubu ya mchanganyiko polepole mpaka iguse tu, kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu. Ukiikaza kwa nguvu, ncha yake itaacha alama kwenye kikalio na kabureta haitatii tena. Washa. Ifungue na kuifunga robo robo, ukisubiri sekunde chache kila mara, mpaka upate mahali ambapo injini inazunguka haraka na laini zaidi. Shusha raundi kwa skrubu ya raundi hadi kiwango cha gari lako, kisha rudia ya mchanganyiko kidogo.

Ukiifunga yote na injini isizime, petroli inapita njia nyingine: bakuli linafurika au kipepeo kimefunguliwa mno. Ukiifungua yote na isibadilike chochote, jeti imeziba au bado kuna hewa ya wizi; rudi kwenye chupa ya maji. Ikitii pande zote mbili, washa taa kubwa na feni, subiri dakika mbili. Raundi zikishuka kidogo na kutulia hapo bila kubabaika, kaza nati ya kufungia skrubu ukiwa umeishikilia skrubu yenyewe kwa bisibisi isizunguke nayo.